Nimepewa ukuu wa kitengo, lakini roho yangu iko kwenye uwekezaji

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nimeoa na tuna watoto wawili. Nafanya kazi katika kampuni inayosimamia mifuko ya uwekezaji, lakini usije ukadhani mimi ndiye ninayewekeza. Niko ofisi ya nyuma, kama tunavyoitwa. Meneja wa mfuko akishanunua au kuuza hisa, kazi inakuja kwetu: tuhakikishe fedha zimetoka, dhamana (yaani hisa na hati nyingine za uwekezaji) zimeingia, na kumbukumbu zetu zinalingana na za benki inayotutunzia dhamana hizo.

Asubuhi yangu huanza na orodha ya tofauti. Kila mstari ni mahali ambapo sisi tunasema hivi na benki inasema vile. Nyingi ni ndogo, gawio limeingia pungufu kwa sababu ya kodi, au tarehe imeandikwa vibaya. Lakini juzi kati kampuni moja iligawanya hisa zake, moja ikawa kumi. Mfumo wetu ulikuwa umeshasoma mgawanyo huo, wa benki bado. Kwenye skrini yangu ikaonekana kama sehemu tisa kati ya kumi za hisa zetu zimeyeyuka usiku. Moyo ulinidunda hata kama nilijua ni nini. Nikapiga simu, nikawatumia tangazo la kampuni, nikawaganda hadi wakarekebisha, na yote yakawa sawa kabla ya saa ya kutangaza thamani ya kipande kimoja cha mfuko. Meneja wa mfuko huo hakujua hata kama kulikuwa na jambo. Nilipokutana naye kwenye lifti mchana aliniuliza kama mimi ni wa idara ya kompyuta.

Hilo ndilo linaloniumiza, Mshauri. Kazi yangu ikienda vizuri haionekani. Ikiharibika ndipo jina langu linajulikana hadi ghorofa ya juu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijiandaa kuvuka. Nimefaulu ngazi mbili za mtihani wa CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, imebaki ya tatu. Usiku watoto wakilala nasoma taarifa za fedha za makampuni. Nimenunua hisa zangu mwenyewe kidogo kidogo, na mbili kati ya hizo zimepanda karibu maradufu. Pia naona oda zote zinazopita mezani kwangu. Mara nyingi najisemea, "Hapa wangengoja," na mara nyingi mambo yanakuwa hivyo hivyo.

Sasa nafasi imepatikana. Wanatafuta mchambuzi mdogo upande wa hisa, na wametangaza ndani kwanza. Niliomba, nikasailiwa, nikaambiwa wananitaka. Masharti ndiyo mtihani. Mshahara unashuka karibu theluthi, daraja linashuka hatua mbili, na kuna miezi sita ya matazamio. Rasilimali watu wamesema wazi kwamba kiti changu cha sasa kitajazwa na mtu mwingine. Nitakaokaa nao ni vijana wa miaka 24 na 25 waliotoka chuo moja kwa moja hadi kule.

Wakati huo huo mkuu wa kitengo chetu anastaafu. Ni mama aliyenipokea nikiwa sijui kitu, akanifundisha kazi yote. Amependekeza jina langu niongoze kitengo baada yake, na uongozi umekubali. Mshahara unapanda, watu tisa wanakuwa chini yangu. Majibu yote mawili yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye bado hajui kuhusu ule usaili.

Mke wangu hajakataa. Alisema tu, "Sawa, lakini nionyeshe hesabu." Baba yangu anasema cheo kikija mlangoni hakirudishwi. Mkuu wa uwekezaji naye, aliponipa habari njema, alicheka akasema, "Unajua historia ya watu wa nyuma wanaokuja mbele, tutakuangalia kwa karibu." Wenzake wakacheka. Mimi sikuelewa kama ni mzaha au ananidharau, na neno hilo limenikaa.

Najipa moyo kwa habari za Sidney Weinberg, aliyeingia Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, mwaka 1907 kama msaidizi wa mfagizi na akaja kuiongoza kuanzia mwaka 1930. Kama yeye aliweza, mimi mwenye shahada na mitihani nashindwaje? Lakini nikifika nyumbani nikiwaona watoto najiuliza kama hii si tamaa tu. Je, nimechelewa? Nichukue lipi?

Wako,
Wa Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na hongera, maana kwenye barua nzima hukujipa hata moja. Watu wawili wa kampuni moja, kila mmoja kwa wakati wake, wamekuangalia wakasema wanakutaka. Wapo wanaoniandikia kila wiki ambao hawajaitwa hata kwenye usaili.

Kama nimekuelewa, una milango miwili na funguo za yote, ila ukifungua mmoja, mwingine unafungwa. Mmoja una heshima, fedha na kazi unayoijua hadi usingizini. Mwingine unakurudisha chini, unapunguza kinachoingia nyumbani, na nyuma yake kuna kitu umekitamani miaka mingi. Juu ya hapo kuna mama mmoja anayestaafu ambaye hujamwambia, na mzaha uliokuchoma.

Naomba nianze na jambo nililoliona kwenye uandishi wako, na kama nimekosea utanisahihisha. Sehemu yenye uhai kuliko zote kwenye barua yako ni ile ya hisa zilizogawanywa. Nimeiona skrini, nimekusikia kwenye simu, nimejua hata ulikuwa unakimbizana na saa gani. Lakini ulipofika kwenye uwekezaji wenyewe, umeniambia nani anakaa kule, wana umri gani, wanalipwaje na wanachekaje. Hukunitajia kampuni hata moja uliyoichambua ikakunyima usingizi. Hukunieleza kwa nini zile hisa zako mbili zilipanda, umesema zimepanda tu. Huenda ni haraka ya kuandika. Huenda pia unaipenda kazi yako kuliko unavyokubali, na kinachokuuma ni yule bwana wa lifti.

Nauliza kwa sababu kidonda cha kutoonekana hakiponi kwa kuhamia ghorofa nyingine. Mchambuzi mdogo naye haonekani. Miaka yake ya kwanza ni kujenga majedwali ya makadirio, kuyarekebisha kila kampuni inapotoa matokeo ya robo mwaka, kusikiliza mikutano ya wakurugenzi na wawekezaji, na kuandika ripoti ndefu ambayo meneja atasoma ukurasa wa kwanza na kuuliza swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa tisa. Atapendekeza wanunue, wasinunue. Hisa ikipanda, hakuna atakayekumbuka kuwa ni yeye aliyesema. Wakinunua ikashuka, hapo watakumbuka vizuri sana. Unaona inavyofanana na kilio chako?

Kuna tofauti moja lakini, na ndiyo ningependa uitafakari kuliko mshahara. Kwenye kazi yako ya sasa jibu sahihi lipo. Kumbukumbu zinalingana au hazilingani, na kabla ya jioni unajua. Kwenye uwekezaji unaweza kuwa na hoja nzuri ukapata hasara, au ukawa na hoja mbovu ukapata faida, na unaweza kungoja miaka miwili kabla ya kujua ulikuwa upande gani, na hata hapo usiwe na hakika. Hata mameneja wenye sifa hukosea mara nyingi. Wanachofanya ni kukosea kidogo pale wanapokosea na kupata kikubwa pale wanapopatia. Wapo watu ambao hali hiyo ya kutojua inawapa nguvu. Wapo, na wengi wao ni hodari sana kwenye kazi kama yako, ambao inawala ndani kwa ndani. Hili halipimwi kwa akili wala kwa mtihani. Ni hulka. Wewe uko wapi?

Sasa zile hisa mbili. Umesema "mbili kati ya hizo." Hizo nyingine je? Sikusuti, ila mtu wa uwekezaji akisoma sentensi hiyo atauliza swali hilo kabla hajamaliza nukta. Na ukiendelea na barua utaona umefanya vivyo hivyo mahali pengine. Unakumbuka oda ulizosema wangengoja na kweli ingekuwa heri wangengoja. Zile ulizokosea huzikumbuki, kwa sababu hakuna aliyeziandika. Tena unaona oda zilizofika mezani tu, huoni mawazo ishirini waliyoyajadili wakayatupa, na huko kwenye kutupa ndiko kazi yao kubwa iliko. Hata bwana Weinberg, ambaye mimi pia habari zake zinanifurahisha, ni mmoja. Wafagizi wote wa mwaka 1907 waliobaki wafagizi hakuna anayewaandika. Na Goldman Sachs ya wakati ule ilikuwa kampuni ndogo ya ubia wa kifamilia, ambako mtoto mwerevu aliweza kuonwa na mwenye kampuni kwenye ngazi. Mtu aweza kuvuka, na wapo wengi waliovuka bila kuongoza benki yoyote. Ila usijipime kwa yeye.

Kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi, na hata baada yake kwa lolote utakaloamua, ningependa uwe na daftari. Chagua kampuni chache ambazo mifuko yenu haizishiki. Andika tarehe, bei, unaona nini ambacho soko halioni, na muhimu kuliko vyote, andika ni habari gani ikitokea utakiri kwamba ulikosea. Usifute kitu. Halafu tazama unavyojisikia unapoandika. Kama saa mbili za usiku zinapita hujagundua, hiyo ni habari. Kama unaandika ili uwe umeandika, hiyo nayo ni habari.

Nimesema kampuni ambazo mifuko yenu haizishiki kwa makusudi. Wewe unaona oda za wateja kabla au mara tu baada ya kutekelezwa. Makampuni mengi ya aina yenu hutaka mfanyakazi aombe kibali kabla ya kununua hisa binafsi, na kutumia habari za oda kwa faida yako ni kosa linalomaliza kazi ya mtu, pengine na zaidi ya kazi. Naamini ununuzi wako uko safi. Hakikisha tu kibali kipo kwa maandishi, maana ukivuka kwenda mbele watapekua.

Na hilo linanifikisha kwenye mzaha wa mkuu wa uwekezaji. Sijui kama dharau ndiyo iliyomtoa kicheko, ila historia anayoitaja ni ya kweli, na ni vizuri uijue kuliko yeye. Nick Leeson alifanya kazi ya kukamilisha miamala kabla ya kupelekwa Singapore na benki ya Barings ya Uingereza, na kule akawa ananunua na kuuza sokoni huku akisimamia pia ofisi ya nyuma. Hasara alizifukia kwenye akaunti namba 88888. Zilipofichuka Februari 1995 zilikuwa pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikauzwa kwa pauni moja. Jérôme Kerviel aliingia benki ya Ufaransa, Société Générale, mwaka 2000 kwenye idara za udhibiti wa miamala, baadaye akawa mfanyabiashara wa soko, na Januari 2008 benki ikatangaza hasara ya yuro bilioni 4.9. Kweku Adoboli wa UBS, benki ya Uswisi, naye alianzia upande wa uendeshaji. Hasara yake, iliyojulikana Septemba 2011, ilikuwa dola bilioni 2.3.

Watatu wote walijua tofauti hujitokeza saa ngapi, nani huzifuatilia, na kisingizio gani humfanya afisa aache kuuliza hadi kesho. Yaani walijua kile unachokijua wewe. Ndiyo maana meza za uwekezaji huwa na wasiwasi na mtu anayevuka. Wasiwasi huo hauhusu tabia yako, na huna haja ya kuukasirikia. Ukiuzungumza wewe kwanza unaugeuza kuwa sifa. Siku utakayosaini, kama utasaini, omba kwa barua pepe kwamba ruhusa zako zote za mifumo ya malipo na ya usuluhishi wa hesabu, yaani ile ya kulinganisha kumbukumbu zenu na za benki, zifutwe siku hiyo hiyo ya kuhama, na uombe uthibitisho. Ruhusa za zamani zikibaki wazi zinaweza kuleta balaa. Mtu anayeliomba hilo mwenyewe hachekwi mara ya pili.

Tuje kwa mkeo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mchambuzi bora kwenye barua hii. Amekuambia umwonyeshe hesabu, na bado hujaniambia kama umemwonyesha. Theluthi ya mshahara si neno la kupita. Keti naye, andikeni kinachotoka kila mwezi bila aibu, muone kama theluthi mbili zinakitosheleza na kwa muda gani. Njia nzuri zaidi ni kuishi mwezi huu huu kwa theluthi mbili na ile theluthi nyingine muiweke pembeni msiiguse. Mtajua kwa mwili kitu ambacho jedwali halisemi, kama vile nani ataanza kununa na kwa sababu gani. Hesabuni pia pensheni, bima na marupurupu yanayofuata daraja, kwa sababu kushuka hatua mbili hukata vitu ambavyo havimo kwenye tarakimu ya mshahara. Na muulize mkeo anaogopa nini hasa. Pengine si fedha. Pengine ni usiku wa kusoma ambao umekuwa ukiuazima kwake kwa miaka na sasa utaongezeka.

Kwa upande wa masharti, hata kama rasilimali watu wamezungumza kana kwamba limekwisha, mengi bado yanaweza kuombwa. Mishahara haipandi kwa kuomba sana katika uhamisho wa ndani, hilo usitegemee. Lakini unaweza kuomba miezi sita ya matazamio iwe na vipimo vilivyoandikwa: ripoti ngapi, za aina gani, nani atazisoma. Unaweza kuomba kwamba wasipokuthibitisha, uwe na haki ya kufikiriwa kwanza kwenye nafasi yoyote ya daraja lako la sasa, si lazima kiti kile kile. Unaweza kuuliza daraja litapitiwa lini ukifika kigezo fulani. Wakikataa yote matatu, kukataa kwenyewe kutakuambia wanakuona kama mtu wa kukuza au mtu wa bei nafuu.

Umri sioni kama ni tatizo kubwa kama unavyouona. Wale vijana watakuzidi kasi ya Excel, na itakukera. Wewe utawazidi katika kujua kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeiingiza na anaweza kuwa amekosea. Gawio lililochelewa, hisa mpya zilizotolewa kimyakimya, mabadiliko ya namna ya kuhesabu mapato, hayo wewe unayanusa. Usijifanye umezaliwa upya ukaviacha mlangoni. Kitakachokuwa kigumu ni kupokea maelekezo kutoka kwa mtu uliyemzidi miaka tisa, mbele za watu, huku nyumbani wewe ni baba. Jiulize kama uko tayari kwa hilo siku ya Jumatatu ya wiki ya kumi na moja, si ya kwanza.

Kuhusu CFA, umefika mbali na usiuache. Ngazi ya kwanza peke yake mara nyingi huangusha zaidi ya nusu ya watahiniwa. Taasisi yenyewe hushauri saa 300 hivi za kujisomea kwa kila ngazi, kwa hiyo ngazi ya tatu ndani ya miezi sita ya matazamio ni mzigo juu ya mzigo, na ningekushauri uuahirishe ukichagua kuvuka. Tangu mwaka 2025 ngazi hiyo ina njia tatu za kuchagua, nawe huna haja ya kuchagua njia kabla hujajua unakokwenda. Kumbuka pia kwamba kufaulu mitihani pekee hakukupi cheti. Unahitaji saa 4,000 za kazi, katika muda usiopungua miezi 36, na kazi hiyo iwe imeshiriki katika maamuzi ya uwekezaji au imetoa kitu kinachoyasaidia. Usuluhishi wa hesabu mtupu unaweza usihesabiwe. Hapo mlango wa uchambuzi una uzito ambao hukuutaja.

Sasa huo ukuu wa kitengo. Baba yako ana hoja, ingawa ameisema kwa ufupi wa kibaba. Kazi yenu haikufa wala haifi karibuni. Mei 2024 masoko ya Marekani yalianza kukamilisha mauzo ya hisa siku moja ya kazi baada ya biashara badala ya siku mbili, na Umoja wa Ulaya, Uingereza na Uswisi wamepanga kufanya hivyo Oktoba 2027. Muda ukipungua hivyo, ile simu uliyoipiga benki inabidi ipigwe jioni ile ile, na mtu anayejua kuipiga anakuwa na thamani zaidi. Wakati huo huo mifuko inayofuata tu kigezo cha soko, ile aliyoanza kuwauzia wawekezaji wa kawaida John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard ya Marekani, mwaka 1976, imekua hadi kuwanyang'anya wachambuzi wengi sababu ya kuwepo. Mfuko wa namna hiyo hauhitaji mtu wa kusema hisa ipi ni nzuri. Bado unahitaji mtu wa kuhakikisha hisa zimeingia. Unakimbia kutoka chumba ambacho huenda kinajengwa kwenda chumba ambacho huenda kinapunguzwa viti. Nasema huenda, kwa sababu inategemea kampuni yenu, na wewe unaiona kutoka ndani.

Hatari ya cheo hicho ni nyingine. Kila ngazi unayopanda huko nyuma inaongeza urefu wa kushuka baadaye. Leo unashuka hatua mbili na theluthi ya mshahara. Ukiwa mkuu kwa miaka minne, huenda ukashuka hatua nne, pamoja na nusu ya mshahara, na watoto watakuwa kwenye shule za gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo ukichukua ukuu, uchukue kama ukuu, usiuchukue kama mahali pa kusubiria. Watu tisa watajua kama mkuu wao ana mguu mmoja nje.

Kuna njia ya kati ambayo hukuitaja, na siitaji ili nikuepushe na uamuzi. Kati ya nyuma na mbele kuna meza zinazopima matokeo ya mifuko, yaani zinazoeleza faida ya mwaka ilitoka kwenye uchaguzi wa sekta, uchaguzi wa hisa au bahati ya soko, na meza zinazopima hatari. Watu wa huko huzungumza na mameneja kila wiki, mara nyingi bila kupoteza mshahara kiasi hicho. Wengine wamevukia huko. Ila wengine wameingia huko kama njia ya kupita wakakaa miaka kumi. Kama kampuni yenu ina meza hiyo, nenda ukaongee nao hata kama huna mpango wa kuhamia, kwa sababu hakuna anayejua maamuzi ya mameneja wenu yana ubora gani kuliko wao.

Yule mama mwambie wiki hii. Asisikie kwenye korido. Huna haja ya kuwa umeamua. Mwambie kwamba umesailiwa, umekubaliwa, unafikiri, na ulitaka asikie kwako. Unaogopa utamwangusha, lakini mtu aliyekufundisha kazi yote pengine ameshaona macho yako yanaelekea wapi. Yeye pia ana shughuli: anahitaji kujua kama aandae mwingine. Tena muulize kama aliwahi kutaka kuvuka, na ilikuwaje. Jibu lake naona litakufaa kuliko langu.

Umeniuliza kama ni tamaa. Kutaka kushika maamuzi badala ya kuyasafisha si tamaa mbaya. Kutaka kuwa mtu ambaye haulizwi kama ni wa kompyuta, nako ni ubinadamu, ila kunaweza kupatikana kwa bei nafuu zaidi ya theluthi ya mshahara, pengine kwa kuongoza kitengo na kuingia kwenye mikutano ambayo mkuu wako huingia. Viwili hivyo vimeshikana kwenye barua yako na mimi nikiwa mbali siwezi kuvitenganisha. Wewe unaweza.

Kabla hujajibu upande wowote, omba kukaa alasiri moja na mmoja wa wale vijana wa miaka 24, siku ambayo kampuni wanayoifuatilia inatoa matokeo. Mtazame anavyofanya tangu tangazo linapotoka hadi anapompelekea meneja ukurasa wake. Halafu nenda kwa mkuu wa uwekezaji umuulize mambo mawili: mchambuzi mdogo wa mwisho aliyeachana nao aliondoka kwa sababu gani, na ni kitu gani wewe ukikifanya ndani ya miezi sita kitamfanya asahau ulikotoka. Akijibu kwa mzaha, uliza tena kwa barua pepe, na barua hiyo mwonyeshe mkeo pamoja na hesabu.